Shemeji Alivyonionesha Pemba

Kila niliyemwambia kwamba shemeji yangu anakuja kutoka Dodoma na mkewe na watoto wawili alinipa ushauri uleule: wapeleke kisiwani Misali, mtu wa bara hataki jingine ila bahari. Nikautii. Nilitoa laki na kitu kukodi boti pale Wesha, na njia nzima nikawa najigamba kwamba Mpemba na bahari ni chanda na pete. Upepo wa kusi ulikuwa umekaza. Hatujafika hata nusu ya safari, na aliyeinama ubavuni akitapika chai na boflo hakuwa mtoto wa Dodoma, bali mimi, mwalimu wa hesabu ambaye kwa miaka mingi sijapanda chombo kidogo kuliko meli ya Unguja. Shemeji alinishika bega akasema, "Pole, shemeji, jikaze," kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nahodha aligeuza chombo, fedha hakurudisha.

Jioni, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kwenda popote, niliwaacha ukumbini na mama, aliyekuwa akichambua karafuu zilizochumwa siku hiyo. Shemeji aliinua kichala kwenye mwanga wa taa akauliza kama lile ni tunda au mbegu. "Ni ua, mwanangu," mama akamjibu, "na likishachanua halina bei tena." Akamfundisha kukisokota kichala kiganjani mpaka karafuu zidondoke na makonyo yabaki mkononi. Walikaa hapo hadi saa tano, na watoto wakagoma kwenda kulala. (Ukipokea wageni msimu huu, waonye mapema: vidole hunukia hata baada ya sabuni.)

Asubuhi, tukipita kando ya majamvi yaliyoanikwa karafuu, shemeji alisimama, akafumba macho, akaniuliza harufu ile huwa ipo kila siku. Nilimuuliza, "Harufu gani?" Ilinibidi nisimame naye na kuvuta pumzi mara mbili ndipo nikaisikia.

Kidike walikwenda kwa matakwa yao, kuwatazama popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Kijana wa pale aliwakaribisha, kisha akanigeukia kwa adabu: "Na wewe, mgeni, umetoka wapi?" Nilimjibu kwa sauti ya chini kwamba nimetoka Machomanne, hapo Chake Chake.