Anko, mimi niko wapi hapo?

Tangu Jumapili jioni swali hilo limenikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Aliyeuliza ni binti wa dada. Alikuwa amekaa sakafuni na hedifoni zangu, anasikiliza rekodi ya Jumamosi, siku niliyoirekodi okestra yake, anamopiga vayolini. Ikaisha. Akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena yote, ndipo akaniuliza.

"Uko ndani ya wote," nikamjibu, na sauti yangu ya utu uzima. "Okestra ndivyo ilivyo, hamsikiki mmoja mmoja."

"Lakini vayolini za kwanza nawasikia."

"Hao wako mbele."

"Sawa, anko."

Akavua hedifoni, akakunja waya vile nilivyomfundisha, akaenda kuosha vyombo. Hiyo "sawa" ndiyo haijaniacha. Jumatatu akarudi shuleni.

Kilichonichoma ni kwamba nilijua cha kufanya. Watu 16 na piano si jeshi. Maiki mbili kwa mtindo wa ORTF, ule wa redio ya Ufaransa: vichwa viachane sentimita 17, vitazame pembeni, pembe kati yao digrii 110, nyuma ya mgongo wa mwalimu anayeongoza, mita 3 juu. Kimo ndicho kila kitu. Ukiwa juu, umbali wa aliye mbele na wa aliye nyuma unakaribiana. Ukiwa chini, wa mbele wanawameza wenzao.

Hivyo ndivyo nilivyoanza Jumamosi. Saa tisa mawingu yakajikusanya upande wa ziwa. Mnaijua mvua ya Kisumu juu ya mabati, haina mazungumzo. Matone ya kwanza tu, nikaingiwa na hofu ya lile paa, nikashusha stendi hadi mita moja na nusu. Mvua ikapiga dakika kumi, ikaenda zake Ahero. Stendi nikaiacha pale pale. Nilikuwa nakunywa chai.

Sasa piano. Kifuniko kilikuwa wazi, kimesimama kwenye kijiti kirefu. Kwa aliye mbele yake, kifuniko kile kinamrushia sauti yote. Kwa aliyekaa nyuma yake ni ukuta. Sauti nzito za cello huuzunguka ukuta, zile nyembamba za vayolini hubaki huko huko. Kutoka mita 3 maiki zingechungulia juu yake. Kutoka nilikoziacha ziliona mbao tu. Na nyuma ya mbao alikaa nani? Vayolini za pili, kiti cha mwisho kabisa, karibu na mkia wa piano. Nami, kana kwamba haitoshi, nikaongeza maiki mbili za piano yenyewe, nikazipandisha.

Kwa hiyo hakuwa "ndani ya wote". Nilimficha nyuma ya ubao, kisha nikamfundisha kwamba huo ndio muziki.

Alhamisi usiku stima ziliporudi nikafungua rekodi ile, maiki moja moja. Nikanyamazisha zote, nikaacha ile ya mkiani mwa piano. Kwenye sehemu ya polepole kuna mahali piano inanyamaza, vayolini za pili nazo zinangoja. Nikasikia kitu. Nikaongeza sauti.

"Moja mbili tatu. Mbili mbili tatu. Tatu mbili tatu. Nne mbili tatu..."

Ni yeye! Anahesabu pau za kimya, zile za kungoja bila kupiga, kwa mnong'ono, na mafua yake ya wiki ile, kila "mbili" inatoka "bbili". Alipomaliza ya nane akavuta pumzi, upinde ukagusa waya, akaingia. Kabla ya mwenzake, kidogo tu, kama mtu aliyeogopa kuachwa na matatu. Nimeirudia mara ishirini. Nilicheka hadi mbwa wa jirani akajibu.

Siwezi kumpandisha kwenye rekodi, maana piano inapanda naye. Mara ijayo kifuniko kitatolewa kabisa, mpiga piano awape watazamaji mgongo, wengine wamzunguke, na stendi sitaigusa hata ikinyesha mawe. Mwalimu atanung'unika kuhusu bawaba. Anung'unike.

Kile kipande, sekunde 25, nikamtumia dada kwa WhatsApp, kwa sababu mwanawe hana simu shuleni. Akajibu: "Huyu anayehesabu ni nani?"

Nikamwandikia: "Msikilize tena."

Alama zimekuwa za buluu tangu mchana. Sasa ni saa mbili usiku.