Karafuu moja, picha 43

Ulikuwa msimu wa karafuu, Pemba, mwaka 2018. Mchana majamvi yalitandazwa uani, na usiku nyumba nzima ilikaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Nilikuwa nimerudi likizo na kamera na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, niliyonunua imeshatumika. Nilitaka picha moja tu, ya karafuu kavu inayokutazama kwa kichwa, ionekane wazi kuanzia kile kidonge cha juu hadi ncha ya nyuma.

Haikuwezekana. Kwa ukaribu ule, sehemu inayotoka kali haifiki hata milimita moja, na karafuu ina urefu wa milimita 15 hivi. Nikilenga kidonge, yale meno manne yanayokishika yanazama kwenye ukungu. Nikilenga meno, kidonge kinapotea. Nikabana tundu la lenzi hadi f/22, picha nzima ikapoteza ukali, maana mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika.

Ndipo nikakumbuka nilichosoma juu ya kurundika fokasi. Unapiga picha nyingi za kitu kilekile, kila moja umelenga nyuma kidogo ya ile iliyotangulia, kisha programu inachukua palipo pakali katika kila picha na kuunganisha.

Nilifunga dirisha, nikazima feni, nikaichomeka karafuu kwenye bonge la nta mbele ya kaniki ya Bibi. Tundu nikaliweka f/8, pana kuliko f/22. Mipangilio ya mwanga na rangi kwenye kamera nikaifunga kwa mkono ili picha zisipishane. Nikaanza kuzungusha pete ya lenzi, unywele kwa unywele, kila mara nikisubiri sekunde 2 kamera itulie. Nilipofika picha ya 20 hivi mtoto akapita mbio, akagusa meza. Picha zote zile zikawa hazifai tena. Nikaanza upya, nikafika 43, mgongo unaniuma.

Baada ya Isha nikaiachia kompyuta kazi. Ilichukua karibu saa nzima, nami sikubanduka. Picha ilipotokea nilinyamaza. Ngozi ya karafuu ilikuwa imejaa vipele vidogo vidogo, vifuko vya mafuta, vile vinavyotupa harufu iliyoingia kwenye nguo zetu tangu utotoni. Miaka yote nimezishika karafuu kwa pishi na kwa gunia, na sikuwahi kuviona. Shingoni pekee palikuwa na utepe wa ukungu, pale nilipozungusha pete kupita kiasi nikaruka hatua. Utepe ule uliniuma sana.

Nilimpelekea Bibi. Alikuwa kwenye jamvi, vidole vinachambua bila yeye kuvitazama. Akajifuta mikono, akaisogeza kompyuta karibu na uso, akakaa nayo muda mrefu.

“Hii ilichelewa kuchumwa,” akasema. “Huoni kichwa kimeanza kuachia?”

Nikatazama tena. Kweli, kati ya petali mbili palikuwa na ufa mwembamba, na nyuma yake vilionekana vijiuzi vya ua lililotaka kufunguka. Nilikuwa nimeutazama mchana kutwa nikidhani ni kivuli.

Bibi akarudi kwenye lundo lake. Akaokota karafuu, akaipapasa kichwa kwa kidole gumba, akaitupa. Akaokota nyingine. Ya nne au ya tano akaniwekea kiganjani.

“Kesho kaipige hii, mjukuu wangu.”