Nilivuka maji kwenda kukiona kiti cha spika, Victoria

Miaka yote niliyokaa Vancouver nilikuwa na hamu ya kuingia bunge la British Columbia, mkoa wetu huku Canada, juzi ndo nikapanda feri pale Tsawwassen, saa moja na nusu majini. Pembeni yangu akakaa bibi mmoja wa Comox, nilipomwambia naenda bungeni akachangamka kweli, akaniambia usiku wa uchaguzi wa Mei 9, 2017 chama cha NDP kiliongoza jimbo lao kwa kura 9 tu, tisa! wakasubiri wiki mbili mpaka hesabu ya mwisho ikawa 189. Na jimbo hilo lingeenda kwa Liberals, chama kilichokuwa madarakani, wangefikisha viti 44 kati ya 87 na mambo yangeishia hapo. Wakabaki na 43, NDP 41, na chama kidogo cha Greens 3.

Kutoka Swartz Bay nikachukua basi namba 70 mpaka mjini. Jengo la mawe, la 1898, limetazama bandari, juu ya kuba sanamu ya kapteni Vancouver inang'aa dhahabu. Kuingia bure.

Ukumbini nikaduwaa. Humu ndimo Juni 29 Christy Clark, waziri mkuu wa mkoa kutoka Liberals, alipoangushwa kwa kura 44 kwa 42, maana Greens walishasaini na NDP kwamba serikalini hatuingii ila kwenye bajeti na kura ya imani tunawabeba. Clark akaenda kwa mwakilishi wa Malkia, Judith Guichon, akaomba uchaguzi mwingine, mama akakataa akamwita John Horgan, kiongozi wa NDP, Julai 18 akaapishwa. Kwangu ule ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, watu walikuwa wameshapiga kura jamani.

Lakini mimi nilifuata kile kiti. Spika hapigi kura mpaka zifungane, sasa NDP na Greens wakimtoa mtu wao akalie pale wanabaki 43, wapinzani nao 43, kila siku sare. Septemba akajitokeza Darryl Plecas, mbunge wa Liberals, akakikalia yeye, chama chake kikamfukuza. Wapo waliomwita msaliti, mimi siwezi kumwita hivyo, bunge bila spika haliendi, na serikali ile ilidumu mpaka 2020.

Nikasimama nakitazama mpaka dada anayetuongoza akanigusa bega, kundi lingine lilikuwa linasubiri mlangoni.