Mpaka Chui alipopata kwao

Mbwa huyu, Chui, nilimkuta Goba, Dar es Salaam, amefungwa kamba ya katani kwenye nguzo ya pagala ambalo mafundi walishalihama. Kamba ilikuwa imezama shingoni. Nikaikata kwa mkasi wa jikoni, naye ametulia tuli, macho kwenye mikono yangu. Ni chotara wa Jemani shepadi: masikio wima, mgongo mweusi, mbavu za kuhesabika. Mimi nakaa nyumba ya kupanga, uani tuko wapangaji watano. Mama mwenye nyumba alinipa mwezi mmoja wa kumtafutia mbwa kwao, na namshukuru mpaka leo kwa huo mwezi.

Kupe walikuwa wamemganda masikioni kama mbegu za nyonyo. Muuza dawa za mifugo wa jirani alitaka kumchoma sindano ya aivamektini ya ng'ombe, rahisi na ya haraka. Daktari wa mifugo akanikataza kabisa: baadhi ya mbwa wa koo za kuchunga, koli hasa, wana urithi unaoruhusu dawa ile ipenye mpaka kwenye ubongo, na kipimo cha ng'ombe kwa mbwa ni hatari hata bila urithi huo. Akatumia dawa ya kupe ya mbwa, akampa chanjo ya kichaa, na alipopata nguvu akamhasi.

Nikatangaza kwenye magrupu ya mtaa. Watu 11 walinipigia, karibu wote na swali moja: "Ni mkali?" Mmoja aliniahidi laki mbili taslimu, mchana angemfungia bandani, usiku amfungulie alinde. Nilimshukuru nikamkatalia. Mbwa niliyemtoa kwenye kamba nisingeweza kumrudisha bandani.

Nikampeleka kwa familia moja Tegeta. Ukuta mrefu, geti zuri, watoto watatu waliomkimbilia kwa furaha. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Siku ya tisa simu ikaita: "Dada, njoo umchukue mbwa wako." Watoto wakicheza mpira, Chui alikuwa anawazunguka na kuwakusanya kona moja, anayetoka anamng'ata kisigino. Mdogo wao alichubuka. Geti likiachwa wazi kidogo tu, anatoka kufukuza bodaboda, na siku hiyo nusura amwangushe dereva. Sikuwalaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyekagua ukuta nikasahau kuuliza mbwa atashindaje.

Daktari ndiye aliyenifungua macho. Wajerumani walipounda chama cha mbwa hawa mwaka 1899, walikuwa wanawaendeleza mbwa wa wachungaji wa kondoo. Kule malisho yamepakana na mashamba, na kazi ya mbwa ilikuwa kwenda na kurudi mpakani kutwa nzima, kundi lisiguse mazao. Ni uzio unaotembea. Tegeta alikuwa anafanya kazi yake, ila kundi lilikuwa watoto wa watu.

Tangu hapo kila aliyepiga nilimuuliza kwanza: mchana atakuwa anafanya nini? Wengi walinyamaza.

Daktari akanitajia mzee mmoja wa Chanika mwenye mbuzi 14 na ugomvi usioisha na jirani kwa sababu ya mihogo. Bajaji mbili zilikataa kupakia mbwa, nikakodi kirikuu, tukapita Kinyerezi, Gongo la Mboto na Pugu, Chui kichwa mapajani mwangu njia nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyo?"

Hakumgusa. Alimtazama anavyotembea, akanionyesha mpaka wa shamba: mstari wa minyaa yenye mapengo, na nyuma yake mihogo ya jirani. Nilikuwa na wasiwasi wa kumuuliza, maana mzee ni Mwislamu na alikuwa ametoka msikitini muda si mrefu. Akaniwahi. "Mbwa wa mifugo na wa shamba dini imemruhusu. Atalala nje, na chombo chake ni chake." Sufuria yenyewe ilishatundikwa kwenye mkorosho, mbali na jiko, imevunjika mpini. Nilipoiona ile sufuria moyo wangu ulitua.

Lakini sikumwacha siku hiyo hiyo. Nililala kwa shangazi Gongo la Mboto, na kila asubuhi nikapanda daladala ya Chanika. Siku tatu Chui alikuwa kwenye kamba ndefu mkononi mwa mjukuu wa mzee, mbuzi wamzoee, naye ajifunze kuwa hawa hawang'atwi. Beberu mkubwa alimpiga pembe ya ubavu, akalia, na tangu hapo akajua pa kusimama. Siku ya nne tukamfungua. Akaenda moja kwa moja kwenye minyaa, akaanza kutembea, kichwa chini, kwenda na kurudi. Mbuzi mmoja akapenyeza shingo kwenye pengo. Chui akaja akasimama hapo hapo, hakubweka. Mbuzi akageuka. Mzee akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini na hakuongeza neno.

Tuliandikishana karatasi moja mbele ya balozi wa nyumba kumi: hafungwi kutwa, hauzwi wala hagawiwi, chanjo kila mwaka, akishindikana anarudi kwangu. Mzee akaomba kiongezwe kifungu kimoja, kwamba yeye akitangulia, mjukuu ndiye atakayemtunza. Mjukuu naye akasaini, kwa mwandiko wa darasa la sita.

Nilikwenda tena mwezi uliopita. Kovu la shingoni limeota manyoya, na kando ya minyaa kumechorwa njia nyembamba ya miguu yake. Mlango wa zizi umeandikwa kwa chaki tarehe ya chanjo ijayo, na jirani mwenye mihogo ndiye atakayetoa usafiri.