Siku moja maishani mwangu: saa 6:40 ya nani?

Saa 11 alfajiri. Mji wa Moshi bado giza. Navaa jaketi zito maana leo napanda Kibosho, huko juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Kibosho alfajiri haina mzaha. Kazi yangu ni kubuni programu za simu: mtu abonyeze wapi, aone nini, apotelee wapi. Ukoo mzima unaamini natengeneza simu. Juzi shangazi kaniletea yake, kioo kimepasuka.

Saa 12:30 asubuhi. Kituo cha kukusanyia maziwa. Kina mama wanashuka kutoka migombani na vidumu vyao, wengine kichwani, wengine kwa boda. Dada karani anamimina, anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, anasoma. Maziwa yasiyotiwa maji huanzia kama 1.028, ikisoma chini ya hapo anainua macho tu, haongei, na mwenye kidumu anaanza kuangalia mlima.

Halafu anageukia programu yetu ya kuandikia maziwa, na kidole kimelowa maziwa. Kitufe nilikipa upana wa milimita 9 hivi, kama mwongozo wa Android unavyotaka, lakini skrini ikilowa haisikii. Anafuta kidole kwenye kanga, anabonyeza, kimya. Anafuta tena. Foleni inasogea karibu yake. Mara ya tatu inakubali.

"Programu vipi, dada?"

"Nzuri sana, kaka."

Pembeni ya simu kuna kaunta buku. Kila mama anaandikwa humo kwanza, kwa kalamu, ndipo anaingizwa kwenye simu. Huku kwetu mgeni aliyepanda mlima saa hizo haambiwi kitu chake kibaya, kwa hiyo ile "nzuri sana" siku hizi naiweka kando. Natazama kidole, na natazama hilo buku.

Saa 1:15. Bibi mmoja ananisubiri mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa simu?"

Anafungua fundo la kanga, anatoa kitochi, kisimu cha vitufe. Meseji yetu: amepokelewa maziwa lita 4, saa 6:40.

"Saa sita na dakika arobaini mimi niko kwenye kahawa, napalilia. Nani analeta maziwa kwa jina langu?"

Nilihisi joto masikioni. Mashine iliandika 6:40 ya Kizungu, yaani saa 12:40 asubuhi, muda aliokuwa amesimama hapahapa na kidumu chake. Yeye kasoma saa sita mchana, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angesoma. Kwa wiki tatu alinyamaza, akidhani macho yamemwishia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kosa nilifanya mimi, aibu akaibeba yeye.

Namuuliza karani kama alijua. "Nilijua, si saa za Kizungu tu? Nikaona ndivyo kompyuta zilivyo."

Saa 4. Nimeshuka mjini, bakuli la mtori mbele yangu, jirani na soko la Mbuyuni. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu watano tu utaona takriban asilimia 85 ya kasoro. Nami nilijaribisha watano, kwa kujisifu kabisa. Wote vijana wa ofisini, wamezoea kalenda za mikutano na tiketi za ndege. Hakuna hata mmoja aliyeguna. Sina ugomvi na hesabu ya Nielsen. Ningemchukua bibi mmoja badala ya wale watano.

Saa 7 mchana. Ofisini, mabishano. Developa wetu anataka iandikwe "06:40 asubuhi" na basi. Nakataa: bibi ataona sita, atashangaa sita gani hiyo ya asubuhi. Kwenye hifadhidata saa ibaki ya kimataifa, sina neno, ila inayomfikia mtu isomeke "saa 12:40 asubuhi". Hata simu ukiiweka Kiswahili, menyu zinageuka, saa inabaki ileile. Kwa hiyo tupunguze sita wenyewe.

Tukiwa humo tukagundua jingine. Meseji yetu ina herufi 142, na ya kawaida inabeba 160, lakini bili ilikuwa inatuhesabia tatu kwa kila moja. Tumehangaika mwezi mzima. Mchawi ni neno ng'ombe. Maneno niliyaandika kwenye programu ya nyaraka, ikaigeuza alama ile ya juu ikawa yenye mkia. Alama hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ikiingia moja tu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine unaobeba 70, na ikikatwa vipande kila kimoja hubeba 67. Ng'ombe mmoja, bei ya meseji tatu. Developa alicheka mpaka akakaa chini.

Saa 9 umeme ukakatika.

Saa 2 usiku. Namtumia mama meseji mpya kwenye kitochi chake, kisha nampigia.

"Nisomee, mama."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi umepokelewa maziwa lita nne." Akanyamaza kidogo. "Mimi sina ng'ombe."

Kesho napanda tena Kibosho, na kitambaa kikavu cha kufutia kidole, nikifunge kando ya simu ya karani. Naweka kengele. Simu inaandika 05:00.