Baba Alipoambiwa Atalazwa

"Tutamlaza," daktari aliniambia huku akiandika, nami nikaitikia kwa kichwa. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni na sikuwahi kulitafakari. Baba ndiye aliyelitafakari. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anahema kwa shida, na aliposikia "tutamlaza" alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

Ilikuwa nimonia. Kile kidude cha kubana kidole, kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, kilisoma 88, na mtu mzima mwenye mapafu mazima husoma 95 kwenda juu. Alihitaji oksijeni, na antibayotiki za kuchomwa kwenye mshipa kila baada ya saa nane, usiku na mchana. Hayo yasingewezekana nyumbani kwetu. Lakini baba alikuwa hajawahi kulala hospitali hata usiku mmoja, na hakutaka kuanza siku hiyo.

Muuguzi aliliona hilo, akajaribu kulainisha. Akachutama mbele yake. "Mzee wangu, tutakupumzisha hapa siku mbili tatu, utapata nafuu."

Alisema kwa wema, na wengi husema hivyo hivyo. Ila kwa umri wa baba, wenzake wanaopumzishwa ni wale anaowasindikiza makaburini. Alimtazama yule muuguzi, macho yakamjaa machozi. "Nipumzishwe? Bado, binti yangu."

Nikaona heri nirudi kwenye neno lenyewe. Nilipiga magoti.

"Baba, nilipokuwa mdogo, nani alikuwa ananilaza?"

"Mama yako. Na mimi, yeye akiwa na kazi."

"Ukishanilaza, ulikuwa unaondoka?"

"Niondoke niende wapi? Nilikuwa nakaa mpaka usingizi ukuchukue. Ukiwa na homa ndiyo kabisa, nakesha."

"Basi ndiko kulazwa, baba."

Lala, laza, lazwa. Shina ni moja. Anayelala amejilalia mwenyewe, lakini anayelazwa yupo anayemlaza, na huyo ana wajibu wa kumwangalia. Sikumpa baba somo la sarufi, ila nilimweleza jambo hilo kwa maneno yetu ya nyumbani, kisha nikamtajia moja baada ya jingine kitakachofanyika: atapewa kitanda wodini, atawekewa mpira wa oksijeni puani, atachomwa sindano kupitia mrija mmoja utakaobaki mkononi, bila kutobolewa upya kila mara, atapimwa joto na presha hata usiku wa manane. Naamini kabisa kwamba neno hili husemwa haraka mno hospitalini. Anayelisema kila siku anaona kitanda na faili. Anayeambiwa anajiona amenyooshwa chali. Dakika tano za kulifafanua zilitosha. Baba aliniuliza swali moja tu: "Na wewe utakuwa wapi?" Nikamwambia nitakuja kila saa za kuona wagonjwa. Akasema, "Haya, wanilaze."

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Nikiwa kwenye korido niliwaandikia ndugu ujumbe, na kwa haraka nikaandika "Baba amelala" nikautuma. Haikupita dakika, shangazi akapiga simu analia kwa sauti. Kwetu mtu akitangazwa hivyo kwa ghafla, bila neno la mbele wala la nyuma, hakuna anayefikiria usingizi. Herufi mbili tu zilikosekana mahali pake, na nilimtia mama wa watu simanzi ambayo hadi leo naijutia. Nikaandika upya: "Baba amelazwa leo mchana kwa nimonia. Anaongea, anapumua kwa oksijeni." Nimeshika utaratibu huo. Neno amelazwa likisimama peke yake linajitosheleza, kila mtu anajua ni hospitalini, lakini mtu wa mbali anataka kusikia papo hapo kwamba mgonjwa anaongea.

Tena niliweka "leo" bila tarehe, na hilo nalo likatutesa. Ujumbe ulizunguka kwa jamaa siku nzima, kisha siku zilizofuata. Amelazwa maana yake aliingia na bado yumo. Siku ya sita baba akaruhusiwa, nikawaarifu wa karibu. Siku ya nane binamu yetu, aliyeupata ule ujumbe wa kwanza kupitia kwa mtu mwingine, alisafiri hadi wodini akakuta mzee asiyemjua kwenye kile kitanda. Alinipigia sauti ikitetemeka, anaogopa hata kuniuliza. Nikamwambia haraka, "Alilazwa, ameruhusiwa, yuko nyumbani amekaa kibarazani." Nikasikia akishusha pumzi. Tangu hapo, ninapoandika habari ya mgonjwa naweka tarehe, na akitoka nawatumia "ameruhusiwa" wale wale wote niliowatumia "amelazwa", pamoja na ombi kwamba kila aliyeusambaza ule wa mwanzo ausambaze na huu.

Binamu alikuja nyumbani jioni ile. Baba alimkaribisha, akamwonyesha mkononi alama ya mahali mrija ulipokuwa.

"Nililazwa," akamwambia. "Siku sita. Kila baada ya saa nane wanakuja, hata kama umesinzia. Hawakuachi."

Binamu akaushika ule mkono, akauangalia kwa muda mrefu.