Jua linaaga mapema siku hizi

Leo tumeshinda ziwani, ukoo mzima pamoja na marafiki wawili watatu waliojialika wenyewe (tumewazoea, wala hawangoji kuitwa).

Majira ya joto huku kaskazini mwa dunia ndiyo hayo yanayoyoma.

Tangu Juni 21 mchana unapungua, ila Julai huoni hata dalili. Ni huku mwishoni mwa Agosti ndiko unashtuka, maana kadiri Septemba 22 au 23 inavyokaribia, pale usiku na mchana vinapokaribia kulingana, ndivyo giza linavyoongeza mbio. Leo tumekunja mikeka kwa mwanga wa taa za gari. Saa hiyo hiyo mwezi jana tulikuwa bado tunapiga mpira!

Sasa mpwa wangu. Kagoma katakata kutoka majini.

Midomo imebadilika rangi, meno yanagongana, vidole vimekunjamana kama vya bibi yake, na bado anabisha: "Mjomba, s-s-sisikii baridi!"

Mama yake kasimama ukingoni na taulo mkononi. Nikamwombea dakika tano.

Akazitumia zote kuelea chali, macho juu, kimya. Yeye, ambaye hanyamazi hata usingizini.

Dada hakunisemesha mpaka garini. Sijutii.

Shule zinakaribia kufunguliwa, kila mtu atapotelea kwenye shughuli zake. Kwa hiyo nimeshatangaza: Jumamosi tunarudi, na mvua ikinyesha tutalowa.

Nyie je, wiki hizi za mwisho mnazimalizia wapi na nani? Na kwenu nani ndiye hatoki majini?